Bahari Imepewa Alama: Nani Alisahihisha Mtihani?

Ripoti yoyote kubwa kuhusu afya ya bahari ina ukurasa mmoja ambao wanasiasa na waandishi wa habari huufungua kwanza: jedwali la rangi. Nyasi bahari, kijani. Matumbawe, nyekundu. Papa, njano, na mshale unaoelekea chini. Kila rangi ina neno lake, "nzuri", "duni", "duni sana", na pembeni pameandikwa kiwango cha uhakika. Ukurasa huo unapendeza, na ndio unaonukuliwa. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Nimekuwa nikizisoma ripoti hizi kwa miaka kadhaa, na kila ninapozama kwenye viambatisho kutafuta ile nyekundu ilitoka wapi, mara nyingi sikuti mashine wala kipimo. Nakuta watu wamekaa chumbani, wakakubaliana.

Sisemi hivyo kwa kebehi. Bahari ni pana na pesa za utafiti ni chache. Hadi leo ni kama robo tu ya sakafu ya bahari duniani iliyochorwa ramani kwa vyombo vya kisasa, na viumbe wengi hawajawahi kuhesabiwa hata mara moja. Serikali ikitaka kujua hali ya ghuba fulani, haina budi kuwaita wanaoijua na kuwauliza wanaionaje. Kazi hiyo ina kanuni zake. Nyingi zimetokana na mbinu ya Delphi, iliyobuniwa katika taasisi ya RAND nchini Marekani miaka ya 1950: mtaalamu anatoa makadirio yake peke yake, anaonyeshwa makadirio ya wenzake bila majina, kisha anaruhusiwa kubadili. Siku hizi huulizwa maswali manne kwa mpangilio maalumu. Kiwango cha chini kabisa kinachowezekana ni kipi? Cha juu kabisa? Makadirio yako bora? Na una uhakika kiasi gani kwamba jibu la kweli limo humo ndani? Anaanza na mipaka kwa sababu binadamu akishataja namba moja huing'ang'ania kama kupe. Majina hufichwa kwa sababu profesa mwenye mvi akisema "duni", vijana wote mezani nao wanaona duni.

Tazama vizuri kilichomo humo. Ni mtu aliyeiangalia bahari kwa miaka mingi, akahifadhi kichwani alichokiona, akaulizwa, akajibu kwa mdomo. Maelezo hayo yanamfaa pia nahodha wa Kiinupiati wa kaskazini mwa Alaska aliyewinda nyangumi tangu ujana wake, au mama wa Kimaori wa New Zealand anayejua ni fungu lipi la mchanga lililokuwa na chaza na lini walianza kuadimika. Ila kwenye ripoti mmoja huitwa "tathmini ya kitaalamu" na mwingine "masimulizi ya jamii", na huyo wa pili huwekwa kwenye kisanduku cha kijivu pembeni mwa ukurasa, pamoja na picha ya mzee anayetabasamu. Hapo ndipo ninapokwazika. Kama alama ni uamuzi wa watu, basi kuuliza iwapo wenyeji wana "ushahidi" ni kukosea swali. Linalofaa kuulizwa ni nani alikuwepo rula ilipokuwa inachongwa.

Mfano wa wazi kuliko yote ninaoufahamu unatoka Alaska. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliondoa ruhusa ya Wainupiati na majirani zao kuwinda nyangumi wale wakubwa wa Aktiki wenye taya iliyopinda kama upinde. Sababu ilikuwa namba. Wanasayansi walikadiria kwamba waliobaki katika bahari za Bering, Chukchi na Beaufort ni mamia kadhaa au, kwa makadirio ya juu kabisa, wasiozidi 2,000. Namba hiyo ilipatikana kwa kazi ya jasho na baridi kali: watu walikaa ukingoni mwa barafu karibu na mji wa Barrow, ambao leo unaitwa Utqiaġvik, wakawa wanahesabu nyangumi mmoja mmoja waliopita kwenye mifereji ya maji yaliyo wazi wakati wa uhamaji wa majira ya kuchipua. Nyuma ya hesabu hiyo palikuwa na dhana ambayo hakuna aliyeiandika kama dhana. Nyangumi anahitaji hewa, kwa hiyo hufuata maji wazi na kukwepa barafu. Mfereji ukijifunga, uhamaji umesimama, na mhesabuji anaweza kwenda kulala.

Wawindaji walipinga. Harry Brower Mkubwa, nahodha aliyeheshimika katika mji huo, aliwaeleza watafiti kwamba nyangumi hawa hawaiogopi barafu. Wanapita chini yake. Ikiwa si nene mno wanaivunja kwa kichwa, wanavuta pumzi, wanaendelea na safari. Na wengine wengi hupita mbali na pwani, mahali ambapo mtu aliyekaa ukingoni mwa barafu hawezi kuwaona hata awe na darubini ya namna gani. Tom Albert, mwanasayansi na daktari wa mifugo aliyefanya kazi na serikali ya mtaa wa North Slope, angeweza kuyasikiliza hayo kwa adabu, kisha ayaweke kwenye kile kisanduku cha kijivu. Badala yake aliyageuza kuwa swali linaloweza kupimwa. Katika miaka ya 1980 haidrofoni, yaani maikrofoni za chini ya maji, zilizamishwa kando ya barafu, na ndege zikarushwa kuangalia mbali na pwani. Mifereji ilijifunga, na sauti za nyangumi ziliendelea kupita. Makadirio yakapanda, na kufikia mwaka 2001 yalikuwa zaidi ya 10,000. Mwaka 2011 yalikaribia 17,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni ndama waliozaliwa kweli, maana idadi imekuwa ikikua mwaka hadi mwaka. Lakini ile hesabu ya kwanza ilikuwa pungufu tangu siku ilipoandikwa.

Kisa hiki husimuliwa sana, na karibu kila mara husimuliwa vibaya: wazee walijua, wasomi wakaumbuka. Mimi nakisoma tofauti. Wale wawindaji hawakuleta namba yao ya kushindana na namba ya tume. Walieleza tabia ya mnyama, na kwa kufanya hivyo wakaonyesha mahali rula ilipopinda. Kazi ya kuinyoosha ilihitaji uhandisi wa sauti, takwimu na marubani. Upande mmoja bila mwingine usingefika popote.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi hulipita haraka. Wainupiati hawakusikilizwa kwa sababu hoja yao ilikuwa nzuri tu. Mwaka uleule wa 1977 waliunda Tume ya Wawindaji Nyangumi wa Alaska, wakabisha mpaka kwa mwaka 1978 wakapewa mgao wa nyangumi 12 wa kutolewa majini, au 18 wa kupigwa chusa. Zaidi ya hayo, walikuwa na serikali yao ya mtaa iliyotoza kodi kwenye mafuta ya Prudhoe Bay. Walikuwa na pesa za kulipia wanasayansi wao wenyewe. Jamii ngapi za pwani duniani zina kisima cha mafuta cha kulipia haidrofoni?

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Naiheshimu kauli hiyo, ila sikubaliani nayo inapobebwa nzimanzima kama sera. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa jimbo la Quebec nchini Kanada, akiwemo Éric Dewailly, walitafuta maziwa ya mama yasiyo na uchafu wa viwanda ili wayalinganishe na ya akina mama wa kusini mwa jimbo. Wakaona watayapata Nunavik, kaskazini ya mbali, kwa Wainuiti, wenyeji wa Aktiki ya Kanada, ambako hakuna viwanda. Majibu ya maabara yalikuja kinyume kabisa: kemikali za PCB zilikuwa kiasi cha mara tano ya zile za kusini. Upepo na mikondo ya bahari vilizibeba hadi Aktiki, zikapanda ngazi ya chakula kutoka kiumbe mdogo hadi samaki, kutoka samaki hadi sili na nyangumi, na mwisho zikafika kwa mama na mtoto. Hakuna mwindaji, hata awe hodari vipi, anayeweza kuionja PCB kwenye nyama. Bahari ile ilionekana safi kwa kila jicho lililoitazama. Bila maabara ingeendelea kupewa alama nzuri.

Hata hapo, Wainuiti hawakukubali kubaki sampuli. Viongozi wao, Sheila Watt-Cloutier akiwa miongoni mwao, waliingia kwenye mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 wa kudhibiti kemikali hizo. Walikuwa na hoja ambayo jedwali la rangi halina nafasi yake: afya ya bahari ilikuwa imepimwa ndani ya miili yao.

Kwa hiyo kila upande una upofu wake. Mtaalamu huona kisichoonekana kwa macho, hulinganisha ghuba hii na nyingine iliyo nusu ya dunia, lakini huja kwa misimu, na mara nyingi huja ufadhili ukiwepo. Mwenyeji yupo bahari inapochafuka usiku wa manane na inapotulia, bamvua na maji mafu, mwaka baada ya mwaka. Ila bahari inapopata joto kwa kasi ya sasa, kalenda aliyorithi, ya kwamba ua fulani likichanua samaki fulani amenona, nayo huanza kumdanganya.

Penye utajiri mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni suala la kumbukumbu ya mwanzo. Alama yoyote ni ulinganisho. Ukisema samaki ni "wachache", wachache kuliko lini? Mwaka 1995 mwanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly aliandika kwamba kila kizazi cha wataalamu huchukua hali waliyoikuta walipoanza kazi kuwa ndiyo hali ya kawaida. Bahari hupungua kidogo, mtaalamu anastaafu, anakuja mwingine na kuanza kuhesabu kutoka pale palipopungua. Baada ya vizazi vitatu, umaskini unaitwa uzima. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisoma rula yake vizuri.

Tazama heringi wa pwani ya magharibi ya Kanada. Takwimu zinazolishwa kwenye modeli za serikali zinaanzia mwaka 1951, wakati viwanda vya kusaga heringi kuwa unga na mafuta vilikuwa vimeshafanya kazi kwa miaka mingi. Modeli ikikwambia idadi ya leo ni asilimia fulani ya "idadi ya asili", ni asili ya nani? Wahailtsuk, wenyeji wa pwani hiyo, ambao kwa karne nyingi wamekuwa wakivuna mayai ya heringi yaliyogandia kwenye mwani na matawi yaliyozamishwa majini, wanakumbuka ghuba zilizogeuka nyeupe kwa kutaga, ghuba ambazo leo hazitagwi kabisa. Mwaka 2014 wanaakiolojia walichapisha uchambuzi wa mifupa ya samaki kutoka maeneo 171 ya kale katika pwani hiyo, mengine yenye umri wa maelfu ya miaka. Heringi alikuwa samaki aliyeonekana karibu kila mahali, na wingi wake ulikuwa thabiti zaidi kuliko kupanda na kushuka kulikoonekana katika karne ya 20. Kumbukumbu ya wazee na mifupa ya jalalani vilisema jambo moja, na modeli jingine. Machi mwaka 2015, serikali iliporuhusu uvuvi wa kibiashara kwa kutegemea makadirio yake, Wahailtsuk waliingia katika ofisi ya idara ya uvuvi iliyo karibu na kijiji chao na kukaa humo kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata pande mbili zilikubaliana kusimamia uvuvi huo kwa pamoja. Naam, hiyo nayo ni njia ya kuchangia tathmini, ingawa hutaikuta kwenye mwongozo wowote wa mbinu.

Kwa upande wa taratibu rasmi, Australia inastahili kutazamwa kwa makini. Sheria yake ya mazingira ya mwaka 1999 iliweka utaratibu wa ripoti ya hali ya mazingira ya nchi nzima kila baada ya miaka mitano. Ile ya 2021 ilikabidhiwa serikalini Desemba mwaka huo lakini umma haukuiona mpaka Julai 2022, baada ya uchaguzi kuleta serikali nyingine. Kila mtu na afikirie atakavyo kuhusu hilo. Kilichokuwa kipya ni waandishi. Mmoja wa waandishi wakuu watatu alikuwa Terri Janke, mwanasheria mwenye asili ya Wuthathi, Yadhaigana na Meriam, na karibu kila sura iliandikwa na mwenyeji akishirikiana na asiye mwenyeji. Palikuwa pia na sura nzima ya wenyeji. Hitimisho la jumla lilikuwa zito: hali ni duni na inazidi kudorora.

Tofauti ya mpangilio huo na ule wa kisanduku cha kijivu ni kwamba mwandishi mwenza anaweza kuuliza swali linalovuruga. Kwa Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, bahari ni nchi, ina wenyewe, ina sheria na majina. Haikatiki kwenye mstari wa maji kujaa. Wayolngu wa Blue Mud Bay walitumia hata michoro kwenye magome ya miti kueleza haki zao juu ya maji, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki ya wamiliki wa asili wa ardhi katika Jimbo la Kaskazini inafika hadi kwenye maji yanayofunika ufuo wakati wa kujaa. Ukiitazama bahari hivyo, huwezi kutathmini nyasi bahari peke yake na nguva peke yake na wanaomwinda nguva peke yao. Nyasi zikistawi lakini watoto hawazijui tena ghuba hizo kwa majina, mzee atasema nchi ni mgonjwa. Je, atie rangi gani?

Hilo si swali la kishairi. Hata wanasayansi wanalo, ila wao hulifunika kwa hesabu. Kipimo cha Afya ya Bahari kilichotangazwa mwaka 2012 kiliipa bahari ya dunia alama 60 kati ya 100, kwa kujumlisha malengo 10, kuanzia chakula na maji safi hadi watu kujihisi ni wa mahali fulani. Nani aliamua malengo ni 10, na kwamba mahali patakatifu na idadi ya samaki vijumlishwe kwenye kapu moja? Watu, kwa kujadiliana. Sioni kosa hapo. Naona kosa pale uamuzi wa watu hao unapoitwa sayansi na uamuzi wa Wayolngu unapoitwa utamaduni.

Wako wanaohofia kwamba wenyeji wakipewa kalamu watapamba hali ili waendelee kuvua. Ushahidi mpana uliopo unaelekea kwingine. Jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, katika tathmini yake ya mwaka 2019 liliripoti kwamba asilimia 72 ya viashiria vinavyotumiwa na watu wa asili na jamii za wenyeji vinaonyesha mazingira yakizidi kuharibika. Na mara nyingine wenyeji ndio wanaotangulia kufunga. Mwanzoni mwa mwaka 2021 kabila la Ngāti Pāoa la New Zealand liliweka rāhui, katazo la kimila, juu ya aina nne za viumbe wa majini kuzunguka kisiwa cha Waiheke, wakiwemo kamba-mwamba. Katazo la serikali lenye nguvu ya sheria lilifuata mwezi Desemba. Tathmini yao ilikuwa na mkono: waliona, wakasema, wakafunga. Ripoti nyingi za kitaalamu ninazozisoma zina macho tu.

Kuna pia kazi ya miguu ambayo haisifiwi. Mwaka 2015 na 2016 takriban hekta 7,400 za mikoko zilikufa kwenye Ghuba ya Carpentaria, kaskazini mwa Australia, katika pwani yenye urefu wa kilomita 1,000 ambako karibu hakuna barabara. Wataalamu wa mikoko hawawezi kuishi huko. Walinzi wa nchi na bahari wa jamii za wenyeji wanaishi huko, na ndio waliopita kwa boti wakipiga video za ufuo ili mabadiliko yafuatiliwe. Ninapokuta kazi ya namna hiyo imeandikwa "msaada wa jamii" katika mstari wa shukrani, huwa najiuliza mshahara wa mwaka mzima wa mlinzi mmoja ni sawa na siku ngapi za mshauri elekezi.

Na si kila kinachojulikana lazima kiandikwe. Mwanabiolojia Robert Johannes alikaa na wavuvi wa Palau, visiwa vya Pasifiki, katika miaka ya 1970 na kurekodi jinsi walivyojua, kwa hesabu ya mwezi, samaki gani hukusanyika kutaga wapi na usiku gani. Ujuzi wa aina hiyo ni dhahabu kwa tathmini: ukienda mahali sahihi usiku sahihi, unahesabu samaki wa eneo kubwa kwa siku chache. Ni dhahabu pia kwa mwenye nyavu. Eneo la kutagia likichorwa kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu, linaweza kumalizwa kabla ripoti inayofuata haijaandikwa. Ndiyo maana mwaka 2019 mtandao wa watu wa asili kuhusu takwimu ulitoa kanuni zinazoitwa CARE, zinazodai manufaa ya pamoja, mamlaka ya wenyewe juu ya takwimu zao, uwajibikaji na maadili. Wanasayansi waliolelewa katika imani kwamba takwimu zote ziwe wazi huzipokea kanuni hizo kwa shingo upande. Naelewa ugumu wao, kwa kuwa matokeo yasiyoweza kukaguliwa na mtu mwingine ni tatizo la kweli. Lakini mzee anayekwambia "mahali papo, hali yake ni mbaya, na sikuonyeshi" amekupa tathmini. Iandike hivyo, na kiwango cha uhakika chake.

Kinachonisumbua zaidi kwenye ripoti za sasa, hata zile nzuri, ni jinsi zinavyokimbilia maafikiano. Kundi la wataalamu likisema "wastani" na wenyeji wakasema "mbaya", mhariri hutafuta neno la katikati linaloziridhisha pande zote. Kule Alaska, neno la katikati lingekuwa kuiongeza kidogo namba ya tume, tuseme nyangumi 3,000, na lingekuwa kosa. Tofauti ile ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Ndiyo iliyowaambia watu wazamishe haidrofoni. Kwa hiyo ningependa kuona jedwali lenye safu mbili za rangi, na pale zinapogongana pasizibwe, paandikwe sababu na nini kitakachopimwa ili kujua nani yuko karibu na kweli.

Kwa hesabu ya miaka mitano mitano, ripoti inayofuata ya Australia ni ya 2026. Nitakapoipata nitaliruka jedwali kwanza na kwenda kwenye viambatisho kutafuta tarehe mbili: siku wenyeji walipokaa kikao cha kwanza na waandishi, na siku orodha ya viashiria ilipofungwa.